Taa za Jukwaani Zilivyopata Mwalimu

Hadi miaka ya 1920 taa za jukwaani hazikuwa na mwenyewe. Tamthilia ilikuwa na mtunzi, mandhari yalikuwa na mchoraji, mavazi yalikuwa na mshonaji, na majina yao yalichapwa kwenye karatasi ya programu aliyopewa mtazamaji mlangoni. Taa zilikuwa chini ya fundi umeme wa ukumbi. Mwongozaji akitaka usiku, alimwambia fundi alete usiku. Fundi akazima nyeupe, akaacha buluu, na kazi ikawa imekwisha. Fundi huyo hakuwa mjinga. Wengi wao walijua mambo yasiyopatikana katika kitabu chochote, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa: ujuzi ulikaa mikononi mwa mtu, na mtu akistaafu ulikwenda naye.

Wazo kwamba mwanga wa jukwaani ni jambo la kusomea shahada lilichelewa sana, na sababu moja kubwa ya kuchelewa ilikuwa moto. Kwa karne nzima, aliyeshughulika na taa ukumbini alikuwa kwanza mlinzi wa moto, mengine baadaye. Baada ya mishumaa na taa za mafuta iliingia gesi. Chestnut Street Theatre ya Philadelphia iliitumia mwaka 1816, na kumbi kubwa za London zikafuata mwaka 1817. Gesi ilileta jambo jipya kabisa: mtu mmoja aliyesimama mbele ya mabomba na koki zake aliweza kufifisha jukwaa zima kwa kugeuza mkono. Ikaja pia taa ya chokaa, yaani kipande cha chokaa kilichochomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni mpaka kikatoa weupe mkali. Mwanga wake ulielekezwa kwa mwigizaji mkuu, ukamfuata popote alipokwenda. Aliyeiendesha alikaa juu na gesi zake, akigeuza chokaa polepole isipasuke. Uzuri wake ulikuwa mkubwa, na kila mtu ukumbini alijua ni nini kilichokuwa kinawaka juu ya vichwa vyao.

Miezi mitatu ya mwaka 1881 inatosha kueleza hofu hiyo. Tarehe 10 Oktoba, Richard D'Oyly Carte alifungua Savoy Theatre mjini London, ukumbi uliotumia taa za umeme za Joseph Swan, mvumbuzi aliyefanyia kazi zake Newcastle. Kwa jumla taa hizo zilifika kama 1,200. Tarehe 8 Desemba, ukumbi wa Ringtheater mjini Vienna ulishika moto wakati taa za gesi za jukwaani zilipokuwa zikiwashwa, na mamia ya watu wakafa. Siku 20 baadaye, tarehe 28 Desemba, umeme ulitumika kwa mara ya kwanza kulimulika jukwaa lenyewe la Savoy. D'Oyly Carte alitoka mbele ya watazamaji akiwa ameshika taa inayowaka. Akaizungushia kitambaa chepesi, akaipiga nyundo. Kioo kikavunjika, taa ikazimika, kitambaa hakikuungua. Watu wakashangilia. Sidhani kama kuna tangazo la biashara lililowahi kupata wakati mwafaka kuliko huo.

Umeme nao haukumaliza hatari mara moja. Tarehe 30 Desemba 1903, Iroquois Theatre ya Chicago, ukumbi mpya kabisa, iliungua katika maonyesho ya mchana yaliyojaa akina mama na watoto. Cheche za taa ya umeme ya vijiti vya kaboni zilishika pazia, na watu wapatao 600 wakapoteza maisha. Sheria za usalama wa kumbi zilikazwa kila upande. Katika hali hiyo, nani angefikiria kumwita mtu wa taa msanii?

Wachache walifikiria. Adolphe Appia, Mswisi aliyezaliwa Geneva mwaka 1862, alichapisha mwaka 1899 kitabu juu ya muziki na jukwaa. Hoja yake ilikuwa kwamba mandhari ya kuchorwa kwenye kitambaa ni uongo, na uongo huo hufichuka pale mwigizaji mwenye mwili wa kweli anaposimama mbele yake. Alitaka ngazi, kuta na nafasi tupu, na mwanga wenye kivuli uvifanye viwe kitu kimoja na mwigizaji. Appia aliandika na kuchora zaidi kuliko alivyojenga. New York, upande wa pili wa bahari, mwongozaji David Belasco na fundi wake Louis Hartmann walifanya kwa vitendo. Katika Madame Butterfly ya mwaka 1900, mwanamke anamsubiri mumewe usiku kucha, na kwa dakika 14 hakuna neno linalosemwa jukwaani: jua linatua, giza linaingia, usiku unapita, alfajiri inafika. Hartmann aliweza zaidi ya wengi waliokuja baadaye na vyeti vyao. Lakini alijifunza ndani ya nyumba ya tajiri mmoja aliyekuwa radhi kumlipa miaka na miaka ili ajaribu, na bahati ya namna hiyo haigawanywi kwa watu wengi.

Mlango wa chuo kikuu haukufunguliwa na watu wa taa. Taasisi ya Ufundi ya Carnegie, mjini Pittsburgh, ndiyo iliyotangulia: mwaka 1914, chini ya Thomas Wood Stevens, ilianza masomo ya drama ya kumpa mtu shahada, ya kwanza Marekani. Ilikuwa taasisi ya ufundi, kwa hiyo kushika nyundo na waya hakukuwa aibu pale. Vyuo vikongwe vilikuwa na kinyongo zaidi. Harvard ilikuwa na profesa wa Kiingereza, George Pierce Baker, aliyefundisha utunzi wa tamthilia katika somo lililojulikana kwa namba yake, 47. Mtunzi Eugene O'Neill alikaa katika darasa lake mwaka 1914. Baker aligundua mapema kwamba tamthilia isiyopandishwa jukwaani haijulikani kama ni nzuri au mbaya, basi akaanzisha karakana ya kuziigiza kazi za wanafunzi wake. Karakana ilihitaji mandhari, mavazi, taa na watu wa kuvishughulikia. Baker akataka jengo, akataka na shahada. Wakuu wa Harvard hawakukubali kwamba kupaka rangi mbao na kufunga taa ni elimu ya chuo kikuu.

Mwaka 1924 tajiri Edward Harkness aliipa Yale, iliyoko New Haven katika jimbo la Connecticut, dola milioni 1 kwa ajili ya idara ya drama na ukumbi wake. Baker akahama. Magazetini watu walitania kama wanaotangaza matokeo ya mpira: Yale 47, Harvard 0. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1925, na ukumbi ukafunguliwa mwaka 1926.

Hapa pana jambo la utawala linaloonekana dogo, nalo lilibadilisha historia yote iliyofuata. Idara mpya iliwekwa ndani ya Shule ya Sanaa ya Yale. Chuo chenyewe cha shahada ya kwanza kilikuwa cha wanaume peke yao, na kiliendelea hivyo hadi mwaka 1969. Lakini Shule ya Sanaa ilipokea wanawake tangu ilipofunguliwa, mwaka 1869. Hivyo msichana ambaye asingeruhusiwa kusoma historia au hesabu kama mwanafunzi wa kawaida wa Yale, aliweza kuingia darasa la drama na kushika taa.

Miongoni mwa walimu wa idara hiyo alikuwemo kijana aliyezaliwa Chicago mwaka 1897, Stanley McCandless. Hakuwa fundi umeme, wala hakuwa mwigizaji. Alikuwa amesomea usanifu wa majengo Harvard. Somo lake la taa za jukwaani, lililoanza katikati ya miaka ya 1920, huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake kufundishwa chuo kikuu, na naamini ule usanifu wa majengo ndio uliolifanya liwe somo kweli. Msanifu huzoea kazi ambayo hataijenga kwa mikono yake. Anachora, anaandika vipimo, anakabidhi, na wengine wanajenga bila kuwa na haja ya kumuuliza kila asubuhi alimaanisha nini.

McCandless alianza na maswali ambayo mafundi hawakuwa na muda wa kuyauliza. Mwanga unaweza kubadilishwa kwa njia ngapi? Akajibu kwamba ni ukali wake, rangi yake, umbo na mtawanyiko wake, na mwendo wake, yaani jinsi hayo matatu yanavyobadilika kadiri onyesho linavyokwenda. Na jukwaani mwanga una kazi gani? Kumwezesha mtazamaji kuona, kumjulisha yuko mahali gani na ni saa ngapi, kuipanga picha iliyo mbele yake, na kumtia katika hali ya moyo inayotakiwa. Leo mambo haya yanaonekana ya wazi mno hata mtu akacheka. Yalikuwa hayajapangwa hivyo mbele ya darasa.

Kisha ikaja njia yenyewe, aliyoichapisha mwaka 1932 katika kitabu A Method of Lighting the Stage. Ligawe jukwaa katika sehemu anazoweza kusimama mwigizaji, kwa kawaida sita, tatu mbele na tatu nyuma. Kila sehemu ipe taa mbili zinazotoka mbele na juu, moja kulia na moja kushoto, kila moja ikishuka kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Taa moja iwekee karatasi ya rangi yenye joto, tuseme kaharabu hafifu au waridi. Nyingine iwekee rangi ya baridi, buluu iliyopauka. Ukimaliza hapo, ongeza taa za kuziunganisha sehemu hizo ili mwigizaji anapotembea asiingie na kutoka gizani, taa za kulimulika pazia la nyuma, na taa chache za kazi maalumu: dirisha, mlango, kiti cha mfalme.

Sababu ya pembe na rangi hizo iko nje ya ukumbi, mchana kweupe. Jua humpiga mtu upande mmoja, na anga humrudishia mwanga wa buluu upande wa pili. Jicho limezoea hivyo, na kwa tofauti hiyo ndogo ya rangi tunajua pua imeanzia wapi na shavu limeishia wapi. Taa inayotoka mbele moja kwa moja inafuta tofauti hiyo. Taa za ukingoni mwa jukwaa, zilizotawala tangu enzi ya mishumaa, zilikuwa mbaya zaidi: zilimulika kutoka chini, zikarusha vivuli juu ya paji la uso, zikamfanya bibi harusi afanane na mzuka. McCandless alikipa kila kipande cha jukwaa jua lake na anga yake. Mwaka 1933 kampuni ya Century Lighting ilitoa taa yenye kioo cha duaradufu, iliyoweza kutupa mwanga mkali na wenye mipaka kutoka mbali, na hapo taa zile mbili zikaweza kufungwa juu ya watazamaji bila kuwamwagikia vichwani.

Lakini kilichobadilisha kazi yenyewe, zaidi ya pembe na rangi, ni karatasi. Mwanafunzi wa McCandless alitoka darasani akiwa na mchoro wa ukumbi kutoka juu, kila taa na mahali pake na namba yake, na jedwali la kusema taa hiyo ina rangi gani, imeunganishwa wapi, inamulika nini. Mwanga ukawa kitu cha kupangwa mezani kabla mbao za mandhari hazijakatwa. Uliweza kukadiriwa gharama, kukabidhiwa fundi, kubishaniwa na mwongozaji mapema, na kurudiwa katika mji mwingine na watu wasiomfahamu aliyeupanga. Hata Hartmann, pamoja na ubingwa wake, hakuwa na darasa la kuwaachia watu namna hiyo.

Njia hiyo ina kasoro, na wanafunzi wake waliijua mapema. Ukiifuata ilivyo utapata jukwaa linaloonekana vizuri lisilokuwa na la kusema. Ni sarufi tu. Haimfundishi mtu kutunga. Aliyelionyesha hilo kwa kazi kuliko wote ni Jean Rosenthal, aliyezaliwa New York mwaka 1912, binti wa madaktari wahamiaji kutoka Romania. Aliingia Yale mwaka 1931, baada ya kusoma kwanza Neighborhood Playhouse, alikokutana na mchezaji ngoma Martha Graham.

Rosenthal alirudi New York wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, akapata kazi katika mradi wa serikali wa kuwaajiri watu wa sanaa za jukwaani. Huko alifanya kazi na mtayarishaji John Houseman na mwongozaji Orson Welles. Tarehe 16 Juni 1937 walikuwa wafungue The Cradle Will Rock, tamthilia ya nyimbo ya Marc Blitzstein kuhusu wafanyakazi wa chuma. Serikali ilikuwa imesimamisha maonyesho mapya na ukumbi ukafungwa. Rosenthal, mwenye umri wa miaka 25, alitumwa atafute piano. Akaipata, akakodi lori, akawa anazunguka nayo mitaani Manhattan huku akipiga simu kuuliza ishushwe wapi, maana ukumbi wa pili ulikuwa haujapatikana. Jioni ukapatikana, Venice Theatre, na watazamaji wakaongozana kwa miguu kwenda huko. Chama cha waigizaji kilikuwa kimewakataza wanachama wake kupanda jukwaani. Wakaimba kutoka walikokaa, katikati ya watazamaji, Blitzstein akiwa peke yake jukwaani na piano ile. Taa iliyowatafuta mmoja mmoja ukumbini ilikuwa ya Abe Feder, ambaye naye alipita Carnegie kabla ya kuondoka bila kumaliza. Usiku huo matunda ya shule mbili za kwanza yalikuwa katika ukumbi mmoja, na hakukuwa na mchoro wowote wa kuwasaidia.

Novemba mwaka huohuo, Welles na Houseman walipandisha Julius Caesar kwa kampuni yao mpya, Mercury Theatre, jukwaa likiwa karibu tupu na ukuta wa matofali ukionekana nyuma. Rosenthal alifyatua miali kutoka sakafuni kwenda juu, na watazamaji waliokuwa wakiona picha za mikutano ya Wanazi wa Nuremberg katika sinema hawakuhitaji kuelezwa. Angalia kwamba mwanga ulitoka chini, mahali palepale ambapo mwalimu wake alifundisha usitoke. Katika ngoma alikwenda mbali zaidi: akazishusha taa pembeni mwa jukwaa, kwa vimo tofauti, zimpige mchezaji ubavuni mpaka mwili uonekane umechongwa. Alimfanyia kazi Martha Graham hadi mwisho wa maisha yake, na ukumbi wowote wa ngoma utakaouingia leo, popote, utaona minara ya taa pembeni.

Kwa miaka mingi jina la kazi yake halikuwepo. Katika programu za mwanzo aliandikwa kuwa msimamizi wa mambo ya kiufundi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo akiwaagiza wanaume waliofunga taa kabla yeye hajazaliwa, na alisimulia baadaye kwamba silaha yake ilikuwa moja tu, kujua kazi. Alimulika West Side Story mwaka 1957, The Sound of Music mwaka 1959, Hello, Dolly! mwaka 1964. Alifariki Mei 1969. Tuzo za Tony, zilizokuwapo tangu 1947, zilianza kutoa tuzo ya ubunifu wa taa mwaka 1970.

Yale yenyewe haikusimama kwenye karatasi. George Izenour alifika mwaka 1939, akaanzisha maabara ya mitambo ya jukwaa. Wakati huo taa zilififishwa kwa vyuma vya kuzuia umeme: mafundi walisimama nyuma ya jukwaa katika joto kali, wakisukuma mikono ya vyuma, mara nyingi wasione kinachotokea mbele. Mwaka 1947 Izenour alionyesha mtambo uliotumia valvu za kielektroniki. Mwendeshaji aliweza kukaa mahali anapoliona jukwaa, akapanga mandhari kadhaa za mwanga mapema, akahama kutoka moja hadi nyingine kwa kidole. Vyuo vikaununua. Broadway, yaani kumbi kubwa za biashara za New York, ikabaki na vyuma vyake karibu miaka 30, kwa sehemu kwa sababu kumbi zake nyingi zilikuwa bado na umeme wa mkondo mnyoofu, na mitambo mipya ilitaka mkondo geu.

Aliyeuvunja ukaidi huo alikuwa mhitimu mwingine wa Yale, Tharon Musser, aliyemaliza mwaka 1950. Kazi yake ya kwanza Broadway ilikuwa Long Day's Journey into Night, mwaka 1956, tamthilia ya O'Neill yuleyule wa darasa la Baker. Mwaka 1975 alipeleka A Chorus Line katika Shubert Theatre akaingiza mtambo wa kompyuta, wa kwanza Broadway, uliokumbuka kila badiliko la taa na kulirudia sawasawa usiku baada ya usiku. Alipata Tony kwa kazi hiyo. McCandless hakuiona, alifundisha hadi 1964 na kufariki mwaka 1967.

Kitabu chake kilifika toleo la nne mwaka 1958, na sehemu zake sita na taa zake mbili bado ni mazoezi ya wiki za mwanzo katika vyuo vingi. Shule ya Drama ya Yale haitozi ada tangu mwaka 2021, baada ya tajiri David Geffen kutoa dola milioni 150. Kijana anayewaza kuomba nafasi ajue kwamba wanaopokelewa ni wachache kila mwaka, na kwamba mwombaji wa ubunifu huulizwa kazi alizokwisha kuzifanya. Basi asisubiri barua ya chuo: ahifadhi tangu sasa kila mchoro na kila picha ya onyesho alilolimulika, hata kama ni la shule yake ya sekondari na taa zilikuwa nne.